Kubadili jina baada ya kuolewa: hii mila ni ya nani, na gharama yake anaibeba nani?

#1 Nasaba (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekuwa nikifuatilia mijadala ya harusi humu, na kila ikifika kwenye jina la bibi harusi hoja inafungwa kwa neno moja: mila. Binti akisema atabaki na jina alilozaliwa nalo, anaulizwa kama kweli ameamua kuolewa. Akisema atachukua la mume, hakuna anayemuuliza kitu. Mwanaume yeye haulizwi kabisa, si kabla ya ndoa wala baada. Naomba leo tulijadili hili bila haraka, maana kwenye kile kisanduku kidogo cha fomu kilichoandikwa "jina kamili" ndipo utamaduni, sheria na nafsi ya mtu vinapokutana.

Tuanze na umri wa hiyo mila.

Uingereza, ambako desturi ya kumwita mke kwa jina la mume ilitoka na kusambaa kwenye makoloni mengi, jina lilifuatana na sheria ya mali. Kwa karne nyingi mahakama zao zilihesabu mume na mke kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Mke hakuweza kuingia mkataba kwa jina lake, hakuweza kushtaki peke yake, na hata ujira alioutolea jasho ulikuwa wa mumewe. Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya mwaka 1882 ndiyo iliyompa mke nguvu ya kumiliki na kuuza mali kama mtu anayejitegemea. Mali ikarudi kwake, jina likabaki la mume, na waliozaliwa baadaye wakalikuta jina bila kujua lilikuja na mzigo gani.

Japani ni mfano unaonisumbua zaidi. Mwaka 1875 serikali iliwaagiza watu wa kawaida wote wawe na majina ya ukoo. Mwaka uliofuata, 1876, ikatoa agizo kwamba mke aendelee kutumia jina la kwao. Ni Sheria ya Madai ya 1898 iliyomwingiza mke kwenye jina la nyumba ya mume. Leo Kifungu cha 750 cha sheria hiyo hakimtaji mwanamke hata kidogo. Kinasema wanandoa watatumia jina moja, la mume au la mke, wachague wenyewe. Ukikisoma utasema usawa umetimia. Lakini katika takriban asilimia 95 ya ndoa anayebadili ni mwanamke. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikikubali kifungu mwaka 2015, ikakikubali tena 2021, na wapo wanaokitetea kama utamaduni wa tangu na tangu. Wanaotetea utamaduni wa mababu wanatetea agizo lililofuta agizo la miaka 22 kabla yake.

Ufaransa ni kinyume chake. Sheria ya mwaka 1794, ya wakati wa Mapinduzi, inasema raia asitumie jina lingine zaidi ya lile lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na msingi huo upo mpaka leo. Kisheria mke Mfaransa hajawahi kupoteza jina lake. La mume ni la matumizi tu. Pamoja na hayo, vizazi na vizazi vya wanawake huko wameandikiwa barua na kuitwa mbele za watu kwa jina la mume, mpaka wengi wakaamini ndiyo sheria. Na jina hilo alilobaki nalo halikumpa uhuru wa pesa: hadi sheria ya Julai 1965, mke hakuwa huru kujifungulia akaunti ya benki wala kuchukua kazi bila mume kuwa na la kusema.

Msimamo wangu nauweka wazi ili tusizunguke. Sisemi kila mwanamke akatae jina la mume. Nasema uamuzi ambao mmoja tu ndiye anayetakiwa kuufanya, mmoja tu ndiye anayelaumiwa akiufanya vingine, na mmoja tu ndiye anayezunguka maofisini kubadilisha karatasi, hatuwezi kuuita hiari halafu tukalala usingizi.

Karibuni.

#2 Jemedari_K

Mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho na hoja zako nina heshima nazo, ila naona umeruka jambo. Familia inahitaji kitu kimoja cha kuishika pamoja. Mke wangu alichukua jina langu kwa ridhaa yake, sikumlazimisha, na siku ile nilijisikia nimekabidhiwa dhamana. Watoto wetu wana jina moja, sisi tuna jina moja, mtu akituona anajua hawa ni wamoja. Sasa ukianza kusema hiyo ni dhuluma unamwambia mke wangu kwamba hakujua anachofanya. Yeye ni mtu mzima na aliamua.

#3 Nasaba

Mkuu Jemedari, asante kwa kusema kwa uungwana. Mkeo simgusi, na uamuzi wake nauheshimu kama ninavyouheshimu wa yule aliyekataa.

Lakini umoja unaousema una njia zaidi ya moja. Irène Curie, binti wa Marie Curie, alipofunga ndoa na Frédéric Joliot mwaka 1926, jina la Joliot-Curie walilibeba wote wawili, mume na mke, na ndilo wanalojulikana nalo kama washindi wa Tuzo ya Nobel ya 1935. Jina moja, familia moja, na hakuna aliyefutwa.

Ujerumani nao waliweka kwenye sheria mwaka 1976 kwamba wanandoa wachague jina la mmoja wao. Inasikika vizuri. Ila kulikuwa na mstari wa pili: wakishindwa kukubaliana, litatumika la mume. Mwenzio akijua kwamba mkibishana yeye ndiye atakayeshinda, ana sababu gani ya kukusikiliza? Mahakama yao ya Katiba iliuondoa mstari huo mwaka 1991. Huo mstari wa pili ndio ninaoutafuta kwenye kila jamii, hata pale ambapo haujaandikwa. Upo kichwani mwa wazee, upo kwa mawifi, upo kwa karani anayejaza fomu kabla hujafungua mdomo.

Swali langu kwako, na silitoi kwa kukutega: mkeo angesema "jina letu liwe la kwetu," mazungumzo yenu yangekwenda vipi?

#4 Jemedari_K

Nitakuwa mkweli. Yasingefika mbali. Si kwa sababu yangu tu. Baba yangu asingekuja harusini.

#5 Umm_Rayyan

Assalaam alaykum wote. Naomba niongeze upande ambao naona haujaguswa.

Wapo wanaosema mke kuchukua jina la mume ni dini. Kwa Waislamu siyo. Bi Khadija ni bint Khuwaylid, Bi Aisha ni bint Abi Bakr, na Bi Hafsa ni bint Umar, mpaka leo tunawataja hivyo. Waliolewa na Mtume (S.A.W.) mwenyewe na hakuna aliyeacha jina la babake. Aya ya tano ya Suratul Ahzab, inayoamrisha watu waitwe kwa baba zao, ilishuka kuhusu watoto wa kulea, lakini wanazuoni wengi wameitumia kuonyesha kwamba nasaba ya mtu haibadilishwi. Nasaba inafuatana na mirathi, inafuatana na nani ni maharimu wa nani. Si jambo la mapambo.

Wakristo wa Ethiopia vilevile, na nchi yao haikutawaliwa kikoloni kama nyingine: mtu hubeba jina lake na la babake, na mwanamke akiolewa anabaki nalo. Kwa hiyo mwenye kusema "ni dini" atuambie dini ipi, na andiko gani.

Kinachoniuma ni kwamba wadada wengi wa Kiislamu wanabadili majina yao kwa sababu tu fomu ya ofisini ina kisanduku cha "jina la mume", na karani haelewi kwa nini mke na mume wana majina tofauti. Hapo iliyomshinda ni fomu.

#6 Tafakuri

Nakubaliana na mengi, ila nawaomba msikimbilie kusema kubaki na jina la kwenu ni usawa. Itazameni Korea.

Mwanamke wa Kikorea habadili jina la ukoo akiolewa, na imekuwa hivyo kwa karne nyingi. Ukiishia hapo utadhani walitutangulia. Lakini sababu ilikuwa ukoo: damu yake ni ya kwao, na kwenye ukoo wa mume yeye ni mgeni aliyekuja kuzaa. Katika vitabu vya nasaba vya koo, mke aliandikwa kwa ukoo wa babake, na binti akaandikwa kupitia mume aliyemuoa. Jina lake binafsi, lile aliloitwa na mamake akiwa mtoto, mara nyingi halikuandikwa popote. Alibaki na ukoo na bado akapotea.

Na katika daftari la serikali, familia ilikuwa na mkuu mmoja. Baba akifa, ukuu ulikwenda kwa mtoto wa kiume, hata kama ni mdogo na mama yupo hai. Fikirini nyumba ambayo mvulana bado ananyoa kwa kumwiga babake, na kwenye karatasi ndiye mkuu wa mama yake mzazi na bibi yake. Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2005 kwamba mfumo huo haupatani na katiba, ukafutwa kuanzia 2008.

Kwa hiyo mimi ninachoangalia ni nani ana sauti ndani ya nyumba, nani anarithi, nani anasaini. Jina linaweza kukudanganya upande wowote.

#7 Nasaba

Tafakuri, hili ni muhimu na nalipokea lote. Jina pekee halitoshi. Ila naona linafanya kazi kama alama: ukiuliza kwa nini jamii imepanga majina yake ilivyopanga, utafika kwenye ardhi, kwenye mirathi, na kwenye watoto ni wa nani. Korea umefika huko, na Uingereza tulifika hukohuko kwa njia nyingine.

#8 MamaWawili

Nilikuwa nasoma tu, leo naandika.

Nilipoolewa nilibadili jina bila kufikiri mara mbili. Nililipenda. Nilikuwa nikilifanyia mazoezi ya saini kwenye karatasi kabla ya harusi. Cheti changu cha chuo kina jina la baba, kitambulisho kikawa na la mume, na hapo katikati kuna cheti cha ndoa ninachotembea nacho kwenye bahasha ya plastiki.

Mume wangu alifariki. Nilikwenda ofisi moja kufuatilia stahiki, na kijana wa dirishani akaziweka karatasi mbili sambamba mezani, akaweka ncha ya kalamu kwenye jina la tatu la hii, kisha kwenye jina la tatu la ile. Akaniambia, "Mama, hawa ni watu wawili." Nikampa cheti cha ndoa. Akasema nakala haifai, nilete halisi. Halisi alikuwa nayo shemeji, na shemeji alikuwa ameshaanza kusema kwamba jina lile ni la ukoo wao na mimi nisilitumie kwenye mambo ya mali.

Sikilizeni vizuri hapo. Niliombwa nichukue jina ili niwe wa familia. Siku ya mali nikaambiwa si langu. Na la baba nilikuwa nimeshaliacha. Nilikaa muda mrefu nikiwa sina jina ambalo mtu yeyote hawezi kuninyang'anya.

Mambo yaliisha, mahakama ilinisaidia, sitaki kurudi huko. Lakini kaka Jemedari, ile dhamana uliyokabidhiwa, hakikisha na ndugu zako wanajua kwamba ni dhamana.

#9 Jemedari_K

Dada pole sana. Nimekuelewa. Hili sikuwa nimelitazama kutoka upande wa aliyebaki.

#10 Mwalimu_Mstaafu

Wanangu, alichosema MamaWawili kinanikumbusha Wangari Maathai. Alizaliwa Wangari Muta, akaolewa na Mwangi Mathai. Ndoa ilivunjika mahakamani mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadaye mume akamtaka, kupitia wakili, aache kutumia jina lake. Yeye alikuwa tayari ni daktari wa falsafa, anafundisha chuo kikuu, anajulikana kwa jina hilo. Alichofanya ni kuongeza herufi moja. Mathai ikawa Maathai. Ndilo jina lililosomwa Oslo mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na hakuna mwenye kusema ni la mwingine.

Nimefundisha miaka mingi na nimewaona wasichana wakirudi kuomba nakala za vyeti na majina mapya. Ninachowaambia siku zote ni kwamba jina ulilolifanyia kazi ni lako, liwe limetoka kwa baba au kwa mume. Angela Merkel aliongoza Ujerumani miaka 16 kwa jina la mume wa kwanza waliyeachana mwaka 1982, na aliyemuoa baadaye ni Bwana Sauer. Alishajijenga kwa jina la Merkel, akabaki nalo.

#11 Kijana_Huru

Sawa wakuu, lakini nina swali ambalo hakuna aliyeligusa. Mnasema mwanamke abaki na jina "lake". Hilo jina lake ni la nani? La baba. Baba ni mwanaume. Kwa hiyo anachagua kati ya jina la mwanaume mmoja na jina la mwanaume mwingine. Usawa uko wapi hapo?

#12 Nasaba

Kijana Huru, hoja hii naisikia sana, na kila ikitolewa hutolewa kwa mwanamke tu. Kaka yake amepewa jina lilelile, na baba yuleyule, na hakuna anayemwambia kwamba jina lake si lake, ni la babake tu. Akifika miaka 30 linahesabiwa ni lake kabisa kiasi cha kuweza kumpa mke. Kwa nini jina lilelile liwe mali ya kaka na liwe la kuazima kwa dada? Mtu akilibeba tangu siku ya kuzaliwa, akaitwa nalo darasani, akapata nalo rafiki, likawa lake.

Ila nusu ya swali lako ina uzito, na jibu lake liko kwa watoto. Hispania mtoto hubeba majina mawili, la baba na la mama, na mwanamke habadili akiolewa. Ni mpangilio mzuri, lakini kwa desturi la baba lilitangulia, na linalotangulia ndilo linalopita kwa wajukuu. La bibi likaishia njiani. Siku hizi sheria yao inawataka wazazi wakubaliane lipi litangulie. Italia, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2022 kwamba kumpa mtoto jina la baba moja kwa moja ni kinyume cha katiba; apewe yote mawili, isipokuwa wazazi wakikubaliana vingine. Huko ndiko ninakotaka mjadala uelekee, maana mama anayembeba mtoto miezi tisa kisha asionekane popote kwenye jina lake ni jambo ambalo tumelizoea kupita kiasi.

#13 Wakili_Mdogo

Niweke upande wa sheria kwa ufupi, maana wengi hawajui kwamba hili limeandikwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kufuta aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, wa mwaka 1979, Kifungu cha 16, unataja haki ya kuchagua jina la familia kuwa ya mume na mke kwa usawa. Kwa Afrika tuna Itifaki ya Maputo ya 2003. Kifungu cha 6 kinasema mwanamke aliyeolewa ana haki ya kubaki na jina lake la kabla ya ndoa, kulitumia apendavyo, peke yake au pamoja na la mume. Ukiambiwa kwamba haya ni mambo ya nje, jibu ni kwamba itifaki hiyo ni ya Umoja wa Afrika.

Uturuki kulikuwa na wakili mwanamke ambaye wateja walimjua kwa jina la kuzaliwa. Akaolewa, sheria ikamtaka atumie la mume, akabisha mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Alishinda mwaka 2004. Mahakama ya Katiba ya nchi yake ilikuja kuifuta ile ibara mwaka 2023. Hesabuni wenyewe ni kazi ya miaka mingapi kwa jambo ambalo mumewe hakuwahi kuulizwa.

Na hili la karibuni ndilo ninalolipenda: Septemba 2025 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema sheria iliyoruhusu mke kuchukua jina la mume kirahisi, lakini ikamzuia mume kuchukua la mke kwa njia hiyohiyo, ni ya kibaguzi. Waliokwenda mahakamani walikuwa wanandoa, pamoja na waume waliotaka kubeba majina ya wake zao. Na mahakama ilikumbusha kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika wanawake walibaki na majina yao baada ya ndoa, hadi walipokuja wakoloni na wamisionari. Sasa rudini kwenye swali la mleta uzi, kwamba hii mila ni ya nani.

#14 Tafakuri

Wakili, umenifurahisha kwa kuwataja wanaume. Sheria ile iliwafunga nao. Mwanaume anayetaka kubeba jina la mke, labda kwa sababu mke hana kaka na ukoo unaisha, au kwa sababu babake mwenyewe alimtelekeza na hataki kulibeba jina lake, anachekwa kuliko mwanamke anayekataa. Tunamnyima mtu njia halafu tunasema hakuna wanaoipita.

#15 Binti_wa_Agosti

Habari zenu. Uzi huu umenikuta mahali pake, naolewa hivi karibuni. Mimi ni mkunga, leseni yangu ya taaluma iko kwa jina la kuzaliwa na nyaraka zote za kazini pia. Mchumba wangu hana neno, ila wazazi wake wanalitaka jina lao. Sitaki kuanza ndoa kwa ugomvi, na sitaki yanayompata MamaWawili yanipate. Nifanye nini?

#16 Wakili_Mdogo

Hongera dada. Kwanza jua kwamba katika nchi nyingi kufunga ndoa peke yake hakubadilishi jina lako. Jina linabadilika ukiomba wewe. Usipoomba, unabaki kama ulivyo na ndoa yako ni halali vilevile. Uliza msajili wa ndoa kwenu kabla ya siku yenyewe, na soma fomu kabla ya kusaini, kwa sababu wapo wanaojaziwa.

Kama unataka kuwaridhisha wazee bila kugusa nyaraka, la mume unaweza kulitumia kwenye kadi za mwaliko, kanisani au msikitini, na kwenye sherehe za ukoo. Leseni, kitambulisho, hati ya kusafiria na akaunti ya benki viache na jina moja lilelile. Ukiamua kuunganisha mawili, yaunganishe kwenye nyaraka zote kwa pamoja, usiache hata moja nyuma, na weka kiapo cha mahakamani kinachosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

#17 MamaWawili

Na cheti cha ndoa halisi kaa nacho wewe, mwanangu. Nakala zilizothibitishwa wape wengine. Halafu huyo mchumba ambaye "hana neno" mwambie awe nalo. Wazazi ni wake, aende yeye akawaambie, asikuachie wewe uonekane mkaidi kabla hujaingia nyumbani kwao.

#18 Jemedari_K

Naunga mkono #17. Kijana aende yeye. Akienda na mtu mzima wa upande wao atasikilizwa zaidi, na kama kuna baba mdogo mwenye busara, aanze na huyo.

#19 Binti_wa_Agosti

Asanteni sana wote. Nimemtumia uzi huu, anausoma sasa hivi. Ameniuliza kama baba mdogo wake anayeishi jirani nao atafaa. Nimemwambia aende kesho.